Kikombe Nilichotaka Kumletea Baba

Glenwood, Durban

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na mgongo umekupa nafuu ya kuinama shambani. Baba je, ule mkono wa kushoto umeanza kupata nguvu? Mimi nipo, namshukuru Mungu, ila nimechoka, Mama. Nimechoka uchovu ambao hata nikilala hauondoki. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unaweka sauti kubwa nyumba nzima isikie, na haya ni yako peke yako. Ukishasoma, iweke mbali na Baba.

Kwanza goti. Daktari amelipiga picha, akasema gegedu imelika na mimi na mbio basi. Zile mbio za wakongwe nilizoshinda ndizo za mwisho, na nilizimaliza nachechemea nimeuma meno. Siku ile wenzangu wa klabu, watu wa Morningside wenye magari yao, walinibeba mabegani na kupiga picha na mimi. Nikapewa kikombe kikubwa cha kung'aa, jina langu limechongwa ubavuni. Utukufu wenyewe ulikwisha Jumapili jioni. Jumatatu nilikuwa sokoni Warwick kama kawaida, nasukuma mkokoteni wa mizigo ya wachuuzi, na mama mmoja muuza mahindi akanifokea kwa Kizulu chake, "Eish, wena, toa hiyo trolley hapa." Nikaitoa, nikaendelea na kazi.

Sikujali sana, kwa sababu kikombe kilikuwa na mwenyewe huko nyumbani. Unakumbuka Baba alivyokuwa akiniambia, tangu nakimbia pekupeku kwenda shule, kwamba Mtume Paulo alishawasema wakimbiaji, wanahangaikia taji linaloharibika. Miaka yake yote ya uinjilisti hakuwahi kuja kunitazama hata mara moja. Halafu mwaka huu, baada ya kiharusi, akaiomba simu kutoka kwako akasema, "Kilete hicho kikombe, nikishike." Nililia siku ile, Mama. Nilikuwa nimelingoja neno kama hilo tangu utoto.

Sasa sikia kilichotokea. Sisi tunaosema Kiswahili hapa tunasali kwenye ukumbi wa shule wa kukodi, wengi wetu ni Wakongo. Wana desturi kwamba mtu akipata jambo jema analileta mbele siku ya shukrani, watu wanaimba na kumwombea. Nikapeleka kikombe changu. Siku hiyo hiyo ilikuwa ya Meza ya Bwana, na mzee anayetunza kabati la vyombo alikuwa amekwenda msibani Johannesburg, ufunguo akaondoka nao mfukoni. Mwenye ukumbi alishaanza kutuchungulia mlangoni, muda wetu ukiisha. Pasta wetu, ambaye ana haraka kunishinda mimi mkimbiaji, akanigeukia.

"Papa Elibariki, iyi kikombe iko propre?"

"Nimekiosha asubuhi, Pasta."

"Basi, lete. Yesu hatachagua."

Akamimina divai humo. Watu wakapita mmoja mmoja wakinywa, na jina langu likawa linapita mbele ya nyuso zao. Nisikufiche, Mama. Zamu yangu ilipofika niliangalia jina kwanza. Msalaba sikuuwaza hata kidogo. Nilikuwa nawaza kwamba leo ndipo wamenitambua.

Ibada ilipokwisha nikanyoosha mkono kuchukua mali yangu. Mama Solange, mzee wa kanisa mwenye saluni, alikuwa ameshakifunika kwa kitambaa cheupe.

"Hapana, mwana wangu," akasema. "Kikombe yenye imebeba damu ya Bwana hairudi tena juu ya télévision."

"Lakini nampelekea baba yangu."

"Iko ya Bwana sasa."

Pasta akajishika kichwa. "Pardon, papa. Ni kosa yangu, sikufikiria mbali." Akasema mwenye kuamua ni mimi, nikitaka kukichukua hakuna wa kunizuia. Mama Solange mkono hakuuondoa. Nikakivuta taratibu kutoka chini ya kitambaa, nikaondoka nacho.

Nilikaa nacho chumbani wiki nzima, na raha sikuipata. Kila nikikitazama nawaona wale watu walivyokishika kwa mikono miwili. Kuna mama aliyezika mwanawe njiani akija huku. Kuna kaka anayelala na viatu kwa hofu ya polisi. Walikunywa kama watu wenye kiu, na nina hakika hakuna hata mmoja aliyesoma jina langu. Kile walichokuwa wanakitafuta mle ndani mimi sijawahi kukikuta kwenye mstari wa kumalizia, na mistari hiyo nimeivuka mingi. Jumapili iliyofuata nikakirudisha. Nilimkabidhi Mama Solange nikatoka nje haraka, maana nilitoa kwa uchungu, na uchungu huo bado ninao.

Nitakuja Krismasi, Mama, nikiwa na goti bovu na mikono mitupu. Najua Baba akiambiwa kikombe kiko madhabahuni atafurahi sana, atasema mwanangu hatimaye ameelewa. Hilo ndilo linaloniuma. Utukufu ule wa mbinguni ni mkubwa kuliko huu wetu, ninaamini kweli, sibishani naye tena. Lakini nilitaka mara moja tu aisifu miguu yangu.

Nisalimie dada Naomi na watoto wake wa chekechea. Nisalimie mjomba Safari wa mashine ya kusaga. Mama mkubwa Marta mwambie ile dawa yake ya kuchua nitaikubali sasa, sitamcheka tena.

Kwako nina ombi moja. Habari za kanisani usimwambie Baba, nitamwambia mwenyewe. Niache niingie, nikae karibu na kitanda chake, na wewe unyamaze, mpaka aniulize nilikimbiaje.

Mwanao,
Elibariki