Umri wa Jiwe la Ngokolo

Jumatatu, 3 Juni. Geita.
Nimeosha mashine ya kusagia mawe mara ya pili. Punje moja ya mwamba mwingine ikibaki humo, kipimo chote cha umri wa jiwe kinaharibika. Leo nasaga kipande cha jiwe la nyumbani Ngokolo, lile Mama analoanikia michembe, vipande vya viazi vitamu. Kaka yangu Masanja anataka kulipasua ajenge vyumba vya wanawe. Nimemwomba asubiri majibu. Hasira ninayo.

Alhamisi, 13 Juni.
Punje za zirkoni, fuwele nilizozitoa kwenye jiwe, zimetumwa maabara. Ndogo kuliko chumvi. Zilipoundwa zilifungia urani ndani, na urani hugeuka madini ya risasi polepole, kwa mwendo uleule siku zote. Unapima iliyobaki na iliyogeuka, unapata umri.
Nimekumbuka tulivyolilalia jiwe lile jioni, mgongo ukipata joto, huku tukifukuza mbuzi wa jirani wasile michembe. Bibi anakata viazi, hadithi hazimwishi. Nimelia kidogo ofisini. Upuuzi.

Jumanne, 16 Julai.
Majibu! Zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Nikampigia Masanja. Akacheka: kama ni zee hivyo, si limeshaishi vya kutosha? Vijana wa kupasua kokoto wanakuja Jumamosi na kuni, walichome lipasuke. Leo namchukia.

Jumamosi, 20 Julai. Ngokolo.
Mama kawawahi. Alfajiri alishaanika michembe jiwe zima. Vijana wamefika, wakabaki wamesimama. Hakuna wa kuthubutu kusogeza chakula cha mama mtu mzima. Masanja kanuna. Mimi nimefurahi kitoto.

Jumatano, 24 Julai.
Michembe imekauka. Nilidhani Mama ataanika mingine. Akaizoa yote kapuni, akawaita vijana warudi, akawaambia wawashe moto.
Nikamweleza tena habari za urani na risasi, maneno yananipotea. Alinisikiliza mpaka mwisho.
“Ng'wanawane, mwanangu, nimekusikia. Wajukuu zangu wanalala jikoni.”
Jiwe limelia mchana kutwa, pa, pa. Ndani ni jeupe, lina vimetameta. Mama hakutoka nje kuliangalia.

Jumapili, 28 Julai.
Masanja ameanza msingi. Wanawe wanagombania chumba ambacho bado hakina ukuta.
Mama ameanika viazi kwenye turubai. Nimeonja kipande. Kinanuka plastiki. Nimemwambia vinakauka vizuri. Akasema ndiyo, vizuri sana. Tukaendelea kukata.