Tulivyoacha Kufungwa

Mjukuu wangu Rehema,

Salamu kutoka Mtoni. Bibi yako hajambo, magoti tu yanamsumbua. Mama yako mdogo kajifungua salama, mtoto wa kiume.

Kwenye simu uliniuliza ilikuwaje timu yetu ya ujanani ikaacha kufungwa mwisho wa msimu, baada ya kufiwa na beki wetu Saidi. Nilikukwepa. Watu walisema uchungu ndio uliotupa nguvu. Wapi. Saidi alipokuwepo, sie wengine tukishapanda kushambulia tulikuwa tunarudi kwa kutembea, maana tulijua yupo, atatuokoa. "Rudini jamani, nachoka," alikuwa akituomba. Tulimcheka. Alipoondoka hapakuwa na wa kutuokoa, basi tukawa tunarudi mbio, wote, mpaka filimbi ya mwisho.

Siku tuliyomaliza ligi, mama yake alikuwepo jukwaani. Tulimfuata na jasho letu, tukidhani tumempoza. Alitutazama mmoja mmoja, akasema taratibu, "Kumbe mlikuwa mnaweza, wanangu."



Babu yako