Kiwanja Walichokiita Kitupu

Nyumba ya tatu kutoka ukumbi wa baraza
(wao wanaita Mtaa wa Mizabibu),
Waapistan, Eeyou Istchee (nchi yetu Wakri),
Kaskazini mwa Kebeki.

27 Juni 2018

Mpendwa mdogo wangu Loretta,

Hujambo huko Ottawa? Shemeji Gordon hajambo? Na huyo Abel, bado anaugonga mlango kwa viganja vyote viwili akitaka kutoka? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Goti langu limetulia tangu barafu ya ziwani iyeyuke. Mbu wameshaanza kazi yao. Mama Mkubwa Harriet alikuwa na kikohozi kilichotutia wasiwasi, lakini Alhamisi alishinda bingo na kikohozi kikapona palepale ukumbini.

Picha ya mtoto imefika na nimeibandika kwenye friji. Amenona, mashaallah wangesema jirani zako wa ghorofa ya chini. Miguu ile ni ya Baba yetu, haina ubishi. Mama Mkubwa aliitazama sana, kisha akasema mtoto mwenye miguu kama hiyo hazuiliki, tusipomtoa nje kiangazi hiki atajitoa mwenyewe, tena kwa mlango wa duka la viatu huko kwenu.

Najua unavyochoka kumbeba. Mtoto anajua kukimbia sebuleni, nawe lazima umpakate kutoka garini hadi dukani na kutoka dukani hadi nyumbani, asikanyage ardhi ya nje kwa miguu yake kabla ya sherehe yake ya kutolewa, na majirani wanadhani unamdekeza. Usiwajibu. Wewe ulibebwa hivyo hivyo, nami nilikubeba mpaka mgongo ukaniuma.

Vitu vyake viko tayari. Viatu vya ngozi ya kulungu nimevimaliza, nimevidarizi maua mekundu. Bunduki yake ya mti nimeichonga. Bata bukini atakayembeba kuwapelekea wazee nilimpiga mwenyewe mwezi Mei, naye yuko kwenye friza chini ya samaki. Mdogo, mwepesi, Abel ataweza kumburuta.

Sasa nije kwenye jambo lililonichelewesha kukujibu. Uliuliza kama hema la Mama liko tayari, maana ulimwahidi kabla hajafumba macho kwamba mwanao atatokea mlango ule ule uliotokea wewe. Loretta, nimeishika kalamu mara kadhaa nikaiweka chini kila nikifika hapa.

Baraza la kijiji liliamua tuwe na ramani ya barabara na majengo ya umma. Sikatai ramani. Unakumbuka mwaka ule dereva mgeni wa gari la wagonjwa alivyozunguka akiulizia nyumba ya Noah, watu wakimwelekeza kwa mbwa na rangi za milango, huku Noah ameshika kifua. Kwa hiyo waliposema tupige kura, nilinyoosha mkono juu kuliko wote.

Kazi ya kuisimamia akapewa binamu yetu Clifford, yule mtoto wa Mjomba, ambaye siku hizi ni diwani na ana koti lenye nembo. Akaita kampuni moja ya kusini ije kupima. Na aliwapangia waje lini? Katikati ya mapumziko ya bukini. Alisema barabara zitakuwa wazi, hakuna gari la kuwasumbua. Zilikuwa wazi kweli. Shule imefungwa, duka limefungwa, kijiji kizima tuko porini na mahema yetu, na Clifford mwenyewe amejificha kwenye matete akiwaita bukini kwa mdomo. Wapimaji walipokelewa na mbwa.

Wakapita na gari lenye kamera juu ya paa, wakarusha kidege kisicho na rubani, wakaandika walichokiona. Jengo la vijana wakaandika halitumiki. Nyumba ya jirani yangu, wanamolala watu tisa, wakaandika haina wakazi. Uwanja wa hoki wakausogeza mpaka ukaingia ziwani. Barabara zetu wakazipa majina ya mimea ambayo hakuna kijijini aliyewahi kuiona ikiota. Basi mimi nakaa Mtaa wa Mizabibu, na hapa nje kuna misonobari, kuvu juu ya mawe na mbu.

Na hema la Mama je? Unajua kila msimu wa bukini tunalivua turubai tukaenda nalo kambini, tunaacha miti yake tu imesimama. Kidege kikaona miti mitupu na duara la majivu. Wakaandika kiwanja kitupu.

Ramani ilizinduliwa ukumbini, kubwa, inang'aa, imefunika ukuta mzima. Clifford alitulisha pitsa iliyopoa, wakati kila friza ya kijiji imejaa bukini. Watu walicheka sana wakitafuta nyumba zao, nami nilicheka nao. Kicheko kilinikauka nilipofika penye hema. Nilimwambia Clifford hapo hapo, na akanishika bega akasema dada usijali, litasahihishwa. Nikamwamini. Ukiniona mjinga una haki.

Muda si mrefu baraza likatafuta mahali pa kuegesha matrekta ya theluji. Loretta, hawakutoka nje. Waliifungua ramani mezani wakaweka kidole. Na unajua madirisha ya baraza yanatazama wapi. Moshi wa hema la Mama huwaingilia mle ndani kila tukichoma bukini, na madiwani hao hao hutoka kwenye mkutano kuja kuomba paja. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hawa wana macho, wanaambiwa watazame, na bado wanatazama karatasi.

Siku walipoleta kokoto nilikuwa nimempeleka Mama Mkubwa mjini Chibougamau kwa daktari wa meno. Tuliporudi tulikuta miti ya hema, ile aliyoikata Baba na kuimenya kwa mkono wake, imetupwa kando kama kuni. Nusu ya kiwanja imefunikwa kokoto. Na penye mlango, upande wa mashariki, pale Mama alipokushika mkono ukakanyaga matawi ya msonobari na kuiona dunia kwa miguu yako, mtu ameangusha tairi bovu. Ndani ya tairi mlikuwa na maji machafu na kopo la soda. Nilisimama pale nikatema mate, mimi niliyewafunza nyinyi wote kwamba kutema mate ni ushenzi.

Mama Mkubwa hakupiga kelele. Alikwenda akakaa juu ya lundo la kokoto na pochi yake mapajani, dereva wa trekta akazima injini, na mtu akakimbia kumwita Clifford. Alikuja na koti lake, na joto lote lile.

"Shangazi, hebu nisikilize," akamwambia. "Ramani inaonyesha hapa ni kiwanja kitupu."

Mama Mkubwa alikuwa bado na ganzi ya daktari, mdomo umekwenda upande, lakini maneno yalitoka. "Wewe Clifford, ulipotolewa nje, ulitokea mlango gani?"

"Nilikuwa mtoto, Shangazi. Nitakumbuka wapi?"

"Mimi nakumbuka. Ulitokea hapa nilipokalia. Ulimwangusha bukini wako, ukalia, ukajikojolea mbele ya wazee, nami nikakufuta."

Dereva wa trekta aligeuza uso akajifanya anakagua tairi. Clifford alikohoa, akasema baraza limeshapitisha, na mpaka ramani irekebishwe kwa utaratibu, kiserikali hapa hapana hema. Aliyasema hayo amesimama juu ya mti mmoja wa hema lenyewe, na kiatu chake kinauviringisha.

Wale wapimaji sina kinyongo nao sana. Ni wageni, waliletwa siku ambayo hapakuwa na mtu wa kuwauliza, wakaandika walichokiona. Anayenitia kinyaa ni huyu wa kwetu. Amelishwa kwenye moto ule. Amelala kwenye hema lile mvua ikinyesha, kichwa chake na changu kwenye mto mmoja. Kisha anakuja kunisomea kwenye karatasi kwamba halipo. Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu, na huyu ana nembo kabisa.

Tulifikiria njia nyingine. Shemeji zako walisema tumtolee Abel kambini, mbali na haya yote. Ingewezekana, na mtoto angetoka vizuri tu. Lakini kila nikifikiri nikuandikie hivyo, namwona Mama kitandani akikushika kidole. Sikuweza.

Sasa sikia hili, maana ndilo lililonifanya niandike leo. Juzi Clifford alikuja kwangu. Bila koti. Akakaa jikoni, akasifu mkate wangu, akasifu mapazia, akauliza habari za goti. Nikajua ana shida. Akazunguka, akazunguka, mwisho akasema mjukuu wake Serena ameanza kutembea, mama yake Serena hawapi usingizi, anataka mtoto atolewe pamoja na Abel. Alitaka kujua tu, kwa upole, tutafanyia wapi.

Nilikitazama kikombe cha chai mkononi mwake nikatamani kumnyang'anya. Mtu anafukia mlango, halafu anakuja kuuliza mtoto wake atokee wapi. Nilitafuta neno la kumwambia, na yote niliyoyapata hayasemeki mbele ya Biblia ya Mama iliyo pale rafuni.

Mama Mkubwa alikuwa mezani anacheza karata peke yake. Hakuinua kichwa.

"Tazama kwenye ramani," akamwambia.

Clifford aliiva uso mpaka masikioni. Alianza kusema habari za baraza, akaiacha katikati. Akaanza kusema habari za utaratibu, nayo akaiacha. Mama Mkubwa alipanga karata zake mpaka zikaisha, ndipo akamtazama.

"Mtoto hana kosa. Mlete. Lakini kokoto zile ziondoke, na usilete trekta, litaniparura ardhi. Koleo liko nyuma ya mlango."

Alilichukua. Tangu jana anachota, peke yake, mbele ya madirisha ya baraza lake. Viganja vimemtoka malengelenge. Alikuja kuomba maji nikampa. Usidhani nimemsamehe. Angeuonea uchungu mlango wa watu wengine nisingekuwa na taabu naye, lakini yeye uliomuuma ni wa mjukuu wake tu. Kokoto zinaondoka, hilo ndilo ninalolitazama. Tairi amelibeba begani mpaka jalalani, na yale maji machafu yakammwagikia mgongoni. Hapo nilikaa dirishani.

Na kampuni nayo imejibu. Watarudi kurekebisha ramani, wamepanga mwezi wa Oktoba, wiki ile ile ambayo kijiji kizima huenda kuwinda kulungu. Clifford ndiye aliyenisomea. Nilicheka mpaka goti likauma, yeye akarudi kwenye koleo.

Kesho tutaisimamisha miti. Mmoja umevunjika, nitakata mwingine. Turubai nimelishona pale lilipochanika, na matawi ya msonobari ya kutandika tutayakata asubuhi utakayofika, yawe na harufu yake.

Msalimie sana Shemeji Gordon, mwambie kisu alichoniletea mwaka jana ndicho kilichochonga bunduki ya mwanawe. Msalimie Shangazi Edna ukienda kumwona hospitali, mwambie kitanda chake kambini hakuna aliyekilalia. Mama Mkubwa anakubusu na anasema uje na vile vidonge vya koo vya asali, lakini visiwe vya limau. Serena naye anakusalimu, hajui kusema, ila leo nimempungia mkono dirishani akanipungia.

Jambo la mwisho, na usilisahau. Ile ramani imeshaingia kwenye simu za watu. Mkifika, simu yenu itawaleta mpaka Mtaa wa Mizabibu, na baada ya nyumba yangu utaona kwenye kioo nafasi nyeupe isiyo na jina, kana kwamba hapo hapana kitu. Simameni hapo hapo. Nitakuwa nje. Usimshushe mtoto hata akilia, nipe mimi nimbebe mpaka ndani ya hema, alale humo, na jua likichomoza tutamfungulia mlango.

Mungu awalinde njiani, awaepushe na malori ya magogo na kulungu wanaovuka barabara jioni. Mama angefurahi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipokuwa mzigo mgongoni mwangu,

Rhoda