Sukari Yetu Iko kwa Jirani

Tarehe 4 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ulipokuwa unapanda basi nilikuahidi kwamba nitakuandikia kila kitu, kitamu na kichungu, bila kukipaka rangi, kwa sababu kwenye simu ya Baba salio hukatika tukiwa bado kwenye salamu. Ahadi hiyo naianza leo. Je, chuoni unalala vizuri? Mgongo umetulia? Sisi ni wazima. Mdogo wangu alisumbuliwa na jino, sasa limeng'oka na anaringa nalo mtaa mzima.

La kwanza ni la Shangazi. Alikuja Jumapili, akakaa kwenye kiti chako, akamwambia Baba, "Mke kaenda kusomea friji, jiko kamwachia mtoto wa shule. Kaka, chakula kikiisha kabla ya mwezi, huyu mdogo namchukua kwangu, na wewe unampigia mwenzio simu aache hayo mafriji arudi."

Baba alikuwa anajitoa vumbi la mbao masikioni. Akasema, "Sawa, dada."

Mama, alisema sawa! Nikamfuata uani kumwuliza. Akasema, "Nimesema sawa kwa sababu najua halitatokea. Au litatokea?"

Nikasema halitatokea.

Kwa hiyo siku ya mshahara tulikwenda wote duka la jumla. Badala ya vipakiti vya dukani hapa kona, tulinunua gunia zima la mchele, mfuko mkubwa wa sukari na dumu la mafuta. Kwa jumla ni nafuu sana. Hesabu niliipiga mwenyewe, mwenye duka akaipitia akasema, "Binti, hujakosea." Sasa gunia limesimama jikoni kama mgeni wa heshima, na mimi kila nikiamka napita kulitazama.

Ni mimi bintiyo, mwenye jiko.


Tarehe 17 Februari

Mwanangu mwenye jiko,

Marahaba. Mgongo haujambo, ni vidole ndivyo vimejaa mikwaruzo. Mwambie mdogo wako jino alitunze, nitalikagua nikirudi. Baba yako anakula vizuri? Na wewe, vitabu unavigusa au ni sufuria tu?

Darasani mwanamke ni mimi peke yangu. Siku ya kwanza mwenzangu mmoja aliniuliza kama nimeleta chai. Jana tulifungua mota ya friji, na ni yeye huyo aliyeniomba nimwoneshe waya unaingilia wapi. Nikamwonesha. Kisha nikamtuma chai.

Gunia nimelifurahia. Ila nakuuliza, kikombe cha kupimia bado unakisawazisha juu kwa kiganja, kama tulivyozoea? Usiache. Na shangazi yako usimjibu kwa mdomo. Mpikie, ashibe, anyamaze.

Mama yako.


Tarehe 20 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umejiuliza kimya hiki ni cha nini. Nilikuwa nasubiri niwe na la kukueleza zaidi ya aibu, na sasa ninalo, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujashika kichwa. Hatujambo wote.

Mchele uliisha wiki nzima kabla ya mshahara. Sukari ilitangulia. Hakukuwa na panya wala mwizi, tulikula wenyewe. Gunia lilipojaa, nilikuwa nachota kikombe mpaka kinamwagika, na kiganja nikakisahau. Baba akawa anaweka sukari vijiko vitatu. Mdogo wangu akawa anailamba kavu. Ukimwuliza yeyote, jibu ni moja: "Si ipo?" Tulipokuwa tunanunua vipakiti tulikuwa tunavionea huruma. Gunia hatukulionea.

Shangazi akaja, akalifunua.

"Lina tundu?"

"Halina, Shangazi."

"Basi tundu liko midomoni mwenu." Akatuongezea mwezi mmoja wa mwisho.

Wiki hiyohiyo Mama Mapacha wa mlango wa pili alisafiri, akatuachia mchele na sukari yake tumtunzie, maana kwake hakubaki mtu. Sasa sikia, Mama. Sisi tulikunywa chai isiyo na sukari wiki nzima, na sukari yake ilikaa palepale juu ya kabati, na hakuna aliyeigusa. Hata mdogo wangu. Alikuwa anaitazama, anameza mate, anasema, "Hiyo ya watu."

Neno hilo halikunitoka kichwani. Mama Mapacha aliporudi nikamwambia, tununue pamoja duka la jumla, halafu chakula chako kikae kwetu, chetu kikae kwako. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Hawa mapacha wangu wanakula sukari kama mchwa. Leta."

Sasa kila asubuhi napeleka kikombe kwake, nachota, nasawazisha kwa kiganja mbele ya macho yake, naye anafanya vivyo hivyo kwetu. Kupiga hodi mara moja si kitu. Mara ya pili siku hiyohiyo, uso unawaka moto. Juzi Baba alikwenda mwenyewe jioni, na bakuli mkononi. Nilikuwa dirishani nikasikia yote.

"Shemeji, tena?" Mama Mapacha akamwuliza. "Asubuhi si mmechukua?"

"Nilikuwa napita tu."

"Na hilo bakuli?"

"Nalo linapita."

Akarudi, akanywa chai yake ya kijiko kimoja, akasema ni tamu. Mwezi haujaisha, kwa hiyo sitajisifu bado. Ila moyoni nimeshaanza kidogo.

Bintiyo.


Tarehe 27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hilo bakuli linalopita nimelisoma kwa sauti bwenini, na wenzangu wanaomba kumwona baba yako. Nimekusoma mara mbili, mara ya pili polepole. Mimi nimepika miaka yote hiyo na sijawahi kuwaza hivyo.

Kwangu hakuna jipya kubwa. Mafunzo yanakwisha mwishoni mwa Aprili. Mwalimu wetu alichagua watu wawili waendelee mpaka Agosti, wajifunze vyumba vya baridi vya hospitali, vile vya kutunzia dawa. Jina langu lilikuwamo. Nimemwambia hapana, nina watoto na jiko. Usilibebe hilo kichwani, nimekueleza tu kwa kuwa nawe unanieleza kila kitu. Nitafurahi kurudi.

Mama yako.


Tarehe 2 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mikwaruzo imepona. Sisi wazima kabisa.

Barua yako ilifika jana, siku ya mshahara, na Shangazi naye akafika, maana muda wake ulikuwa umetimia. Hakukaa hata kitini. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akakuta mchele na sukari.

"Kumbe vipo!"

Nikasema kweli. "Si vyetu, Shangazi. Ni vya Mama Mapacha."

"Na vyenu viko wapi?"

"Kwa Mama Mapacha."

Akamgeukia Baba. "Kaka! Mmeweka chakula rehani?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Tukampeleka. Mama Mapacha akamfungulia gunia letu, na mchele ulikuwa bado upo, na sukari ipo, na dumu ukilitikisa linaitika, na mshahara mpya haujaguswa. Shangazi alizamisha mkono kwenye mchele kama anayetafuta pete. Mwishowe akauliza nani kayawaza haya. Baba akasema, "Mwenye jiko," akaniwekea begani ule mkono wake mgumu wa randa. Mama, sikutazama chini.

Habari ya kumchukua mdogo wangu hakuigusa tena. Jioni akarudi na kikapu kilichofunikwa, ndani yake dumu lake la mafuta. "Nitunzie," akaninong'oneza. "Na nikija kabla ya Jumamosi usinipe, hata nikilia."

Baada ya chakula Baba alisoma barua yako, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena. Akasema, "Kakataa kwa sababu ya jiko. Jiko lina shida gani?" Tukatazamana. Halina.

Niliahidi kukueleza kila kitu, kwa hiyo na hili nalisema. Nilikuwa nimeshafua shuka zako, na mdogo wangu amelifunga lile jino kwenye karatasi akuoneshe. Niliposoma neno Agosti nilihesabu miezi kwa vidole, mara mbili. Lakini shuka zinafulika tena, na jino haliozi. Na mimi nataka siku moja nipite mbele ya hospitali na wenzangu wa shule, niwaambie kwamba dawa za humo ndani zinakaa baridi kwa mikono ya mama yangu.

Baba anasema nikuandikie mimi, kwa kuwa mwandiko wake unatisha, ila neno ni la sote watatu: baki umalize. Basi nijibu kwa posta hii hii, kabla hata hujanawa mikono: mwalimu ameshalifuta jina lako, au nafasi yako bado ipo?

Bintiyo, mwenye jiko.