Kiraka cha Gotini

Baba watoto,

Huku hatujambo. Bomba la jikoni limeacha kuvuja, na binti yako kang'oka jino la mbele, sasa anacheka kwa kujiziba mdomo.

Hela uliyompa shemeji imefika. Kaniambia ni posho yako ya nguo za kazi, eti ovaroli la zamani bado linakufaa, hii tule. Nikamuuliza yule bwana anayesimamia mpango wetu wa kulipa madeni. Akasema, "Mama, posho hiyo hatukuigusa kwenye madeni, tumemwachia mumeo anunulie nguo za kazi. Mkiila, itahesabiwa kipato, na wanaowadai wataitaka." Basi nairudisha yote. Nunua ovaroli jipya.

Hiyo ni sheria yao. Na mimi nina yangu.

Ulipokuja likizo nililifua lile ovaroli, nikakuta kiraka gotini. Mimi nikishona ni kama nafunga gunia, unanijua. Wewe hata kutia uzi kwenye sindano huwezi. Kile kiraka kina mishono midogomidogo, imepangwa ikapangika. Kakishona mtu asiye na haraka ya kuachana na goti lako. Sikukuuliza. Nililianika, nikakaa kukitazama mpaka kikakauka, roho inaniuma.

Usinijibu kwa barua. Vaa jipya, na lile kuukuu usilitupe wala usimpe mtu. Njoo nalo mwisho wa mwezi. Nitakifumua kile kiraka mwenyewe, uzi mmoja mmoja, wewe umekaa mbele yangu unanitajia jina.

Ni mimi mkeo,
nisiyejua kushona.