Spiriti ya Migomba

Marani

Hapana, Osoro ndugu yangu, usiuze ng'ombe yako ndio uingie kwa hii biashara yangu ya spiriti. Huku tuko salama, ni mvua tu imekataa.

Spiriti yenyewe inatoka, usinicheke. Nilikata migomba, nikaloweka na ile dawa ya kuigeuza sukari, nikaiacha ichache, nikapika. Inaosha mikono sawasawa. Wazee walikuja na vikombe, nikawaambia hii ni ya mikono. Mmoja wao, Obwocha, akanijibu, "Na kikombe kinashikwa na nini, kijana?"

Shida ni hesabu. Mgomba karibu wote ni maji, kwa hivyo kuni zinaisha kabla chupa ijae. Dawa nayo ni ghali kuliko spiriti.

Halafu tulikuwa tunasema migomba ni takataka, ni ya bure. Kumbe wakati wa kiangazi hiyo ndiyo chakula ya ng'ombe. Nilipomaliza yote ya boma, ng'ombe ya mama ikakauka maziwa. Mama hajanisemesha tangu Sabato. Ananiwekea chai ya rangi, anaondoka.

Sasa sikia. Ile mashine nilikuwa nakatakata migomba nayo, ninayo bado. Wewe huko Nyansiongo uko na mabua ya mahindi, na majirani wenye ng'ombe za maziwa. Nikuje nayo, tuwakatie, pesa yote uchukue wewe. Mimi unilipe na mabua, gari ya kwanza iende kwa mama. Lakini simu ya kumwambia piga wewe. Yangu hashiki.

Ndugu yako,
Ratemo