Sauti ya Akiba

Kitale, 12 Novemba 2023

Mwanangu Jeptoo,

Habari ya huko ng'ambo kwenye baridi, na kifua chako je? Sisi tu wazima. Mahindi tumevuna, mgongo unalalamika lakini nimeuzoea. Sikio la kushoto ndilo limeanza vituko, linavuma mchana kutwa kama lina nyuki ndani. Daktari anasema ni uzee. Nikamwambia uzee ni wake.

Nina ombi. Jumapili niliwafundisha kwaya ule wimbo wa mavuno, ule uliouimba darasa la sita ukiwa umesimama juu ya kiti. Nikakukumbuka, nikashindwa kuendelea. Nipigie simu uniimbie hata ubeti mmoja. Miaka tisa uko kwenye opera, na mimi niliyekufundisha sijakusikia.

Shangazi yako,
Dinah

Brooklyn Center, 3 Desemba 2023

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi, na pole na sikio. Mimi mzima, ila nimechoka.

Usikasirike, lakini kwa simu siwezi kuimba. Tukiwa na onyesho hata kuongea siongei ovyo, ndiyo maana nakuandikia. Asubuhi niko Maplewood, kwenye makao ya wazee, nawaogesha. Wengi hawasikii, lazima nipaze sauti, kwa hivyo ile inayobaki naihifadhi. Jioni nadrive mpaka Saint Paul. Unadhani naenda kuimba? Mimi ni mwimbaji wa akiba, Shangazi. Najifunza kila neno na kila hatua ya mwimbaji mkuu, halafu nakaa nyuma ya jukwaa nikingoja augue. Hajawahi kuugua. Miaka tisa!

Subiri kidogo tu. Siku nitakayosimama mbele ya watu peke yangu, wewe ndiwe utakayesikia wa kwanza. Sitaki nikupe mabaki.

Mwanao,
Jeptoo

Kitale, 20 Januari 2024

Mwanangu,

Natumai u mzima. Basi, nitasubiri.

Lakini huyo mama ni wa chuma? Hata mafua hapati? Akina mama wa kanisa tumefunga siku tatu kukuombea mlango ufunguke. Jirani yangu Philister akauliza kama tumwombee huyo mama homa. Nikasema sawa, ila homa ndogo, isimlaze zaidi ya wiki.

Usikawie sana. Mimi si mtu wa kungoja siku hizi.

Shangazi yako

Brooklyn Center, 16 Februari 2025

Shangazi,

Hujambo? Mwaka mzima bila kukuandikia! Nisamehe, shifti zimenimaliza.

Na hayo maombi ya homa, jamani, acheni! Anaitwa Fiona, ana watoto wawili, na huniletea chai ya tangawizi. Mwombeeni mema.

Krismasi nilikupigia mara nne. Philister akapokea akasema uko shambani. Shambani Krismasi? Nina miaka arobaini na tatu, Shangazi. Msimu unaokuja nikikaa nyuma tena, naacha. Kinachonishikilia ni ile ahadi niliyokupa.

Mwanao,
Jeptoo

Kitale, 2 Machi 2025

Mwanangu,

Sijambo. Simu yangu ni mbovu siku hizi, usijisumbue kupiga. Niandikie tu, barua zako nazisoma mara tatu. Usiache kabla sijakusikia.

Shangazi yako

Brooklyn Center, 26 Oktoba 2025

Shangazi, Shangazi!

Umeamkaje? Mimi sijalala. NIMEIMBA!

Fiona aliamka jana bila sauti. Mafua! Waambie akina mama kwamba nitawauliza kama ni maombi yao. Nilipigiwa saa nane mchana bado nina aproni ya kazini. Gauni lake lilinibana, wakalipasua mgongoni wakalishika kwa pini. Naigiza mjane anayemwita mwanawe. Pale wimbo unapopanda juu kabisa, mahali ambapo kwa miaka yote nimepaimba bafuni tu, sauti ilitoka yote. Watu walisimama. Mimi nikakuwaza wewe na kile kiti.

Nimekutumia rekodi kwenye simu ya Philister. Isikilize ukiwa umetulia, kisha uniambie ukweli wa mwalimu. Ahadi yangu imetimia, na watu wa opera nimewaaga, msimu ujao sirudi. Imetosha.

Mwanao,
Jeptoo

Kitale, 9 Novemba 2025

Jeptoo mwanangu,

Nakusalimu kwa upendo. Siku kadhaa nimekaa na barua yako nikitafuta namna ya kukudanganya. Nimeshindwa.

Sisikii. Sikio la kushoto lilizima mwaka uliofuata ombi langu, la kulia likazima kabla ya Krismasi ile uliyonipigia. Nilimkataza Philister asikwambie. Ungeiacha kazi yako katikati kwa ajili ya masikio ya mzee.

Lakini rekodi tumeifungua. Philister aliiunganisha na spika za kanisa. Akina mama wakakaa, mimi nikakaa mbele nikiwatazama wao. Mmoja wao, Bernardine, aliacha kutafuna njugu. Philister akajifunika mdomo kwa leso, nikajua umefika juu. Niliweka kiganja kwenye spika, ikanitetemesha mpaka kwenye kiwiko. Walipopiga makofi, nami nikapiga. Wote wamesema uliimba vizuri sana.

Usilie. Mimi nilishalia.

Shangazi yako,
Dinah

Brooklyn Center, 23 Novemba 2025

Shangazi yangu,

Sijui nikuulizeje hali.

Barua yako niliisoma ndani ya gari, kwenye maegesho ya kazini, nikachelewa shifti. Nimekukasirikia, na mimi mwenyewe nimejikasirikia zaidi. Uliniomba ubeti mmoja. Sikio la kulia lilikuwa zima, na mimi nikakwambia usubiri. Sauti yangu niliwawekea watu nisiowajua.

Leo nilikuwa namwogesha bibi mmoja asiyesikia kabisa. Nikauweka mkono wake kwenye koo langu, nikamwimbia ule wimbo wa mavuno kwa nguvu zangu zote. Msimamizi alikuja mbio akidhani kuna mtu ameanguka. Bibi alikuwa anacheka, hakutaka kuuondoa mkono.

Nafika Kitale tarehe kumi na nane Desemba. Spika sitaki. Nitapiga magoti mbele ya kiti chako, uweke kiganja kwenye koo langu, nami nitaimba beti zote tano.

Mwanao,
Jeptoo